Koti Lililozikwa Kisian

Mwaka nilioanza kazi ya televisheni ni ule tuliokula ugali wa njano. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yakaja kwa meli kutoka ng'ambo, na unga wake ukiusonga unanuka gunia. Watoto wangu waliulizana kama ni ugali au ni keki iliyokosa sukari. Kwa omena, dagaa wa ziwani, ulipita. Bila omena ulikaa kooni ukisubiri maji. Tarehe siijui. Waliojua kuandika waliandika tarehe, mimi nilikuwa nashona.

Haya nayasimulia, mjukuu wangu akiandika, kwa ninyi mnaovisha waigizaji sasa. Nimeacha kazi mwaka huu, macho hayaoni tundu la sindano, na juzi mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli nilifunga michezo mitatu kwa sababu ya koti moja. Nilimwambia aketi. Alikuwa na haraka, akaenda. Basi na asome.

Nilizaliwa Kaloleni, hapa hapa Kisumu. Baba alikuja na kazi ya reli kutoka pwani. Mama alikuwa Mjaluo wa Alego aliyesilimu, kwa hiyo nyumbani tulisali kwa lugha moja tukagombana kwa nyingine. Shule niliiacha darasa la tatu. Aliyenisomesha ni Fundi Salim, mzee aliyekuwa na cherehani mbili kwenye veranda ya duka la vitambaa. Alipima watu kwa kamba yenye mafundo, maana utepe wa namba ulimchosha macho, na mimi nikapima kwa kamba hiyo hiyo kwa sababu namba zilinichosha kichwa. Mpagazi wa bandarini akija kushona shati, Fundi Salim alimkatia bega moja, lile la mizigo, refu kuliko jingine, bila kumwambia. Mpagazi alivaa, akajiangalia, akasema, "Fundi, leo ndiyo umenipata." Hakujua amepatwa wapi. Nilikaa naye miaka kumi na moja na sikumsikia akisifu nguo yoyote mbele ya mwenyewe.

Bwana Awiti alikuja kwenye veranda ile akiwa kijana, mtu wa huku huku, aliyekuwa amesomea mambo ya kamera. Alitaka mtu wa kuvisha waigizaji wake. Fundi Salim hakuinua kichwa. Alininyooshea mkasi: "Chukua huyu, Mama Zena. Mdomo wake mrefu, lakini mkono umenyooka."

Mchezo uliitwa Hoteli ya Nyar Seme, ukionyeshwa kila Jumanne. Ulikuwa habari za mama mmoja, nyumbani kwao Seme, mwenye hoteli ya samaki karibu na bandari. Mumewe, Mzee Okombo, aliwahi kufanya kazi ya reli, na sasa kazi yake ilikuwa kulewa, kudanganya wateja na kukimbia fagio la mkewe. Basi. Hakukuwa na jingine, na lilitosha. Nyar Seme aliigizwa na Rosa, mwanamke wa sauti, hata akinong'ona majirani walifungua madirisha. Okombo aliigizwa na Petro, mwalimu wa darasa la pili kule Kisian, mzee wa kanisa, ambaye pombe alikuwa hajaionja hata kwa ulimi.

Siku yangu ya kwanza Petro alikuja amepiga pasi mpaka kamba za viatu.

"Mwalimu, koti hili ni lako?" nikamwuliza. Lilikuwa koti la kaki, la zamani lakini safi.

"Ni langu, Mama. La kanisani."

"Vua."

Alivua. Nililoweka katika majani ya chai yaliyobaki jikoni, nikalilaza chini ya gunia la makaa siku mbili, halafu nikalitandika kwenye kibanda cha mbuzi wa jirani, nao wakalala juu yake bila kubembelezwa. Ndipo nikalitia viraka vitatu. Kiwiko cha kulia nilitumia mfuko wa unga, herufi moja ikabaki inaonekana. Mfukoni nilitumia pindo la leso nyekundu, kwa sababu mkewe ndiye angelishona na mkewe angetumia kilicho karibu. Mgongoni nilitia kipande cha blanketi la reli, kwa sababu mlevi huuza kila kitu lakini alama ya kazi yake ya zamani huificha mahali fulani. Kifungo cha nne nilikitoa kwa makusudi. Petro alipolivaa, mabega yakashuka yenyewe. Alizunguka chumba mara moja, akayumba, na wapishi wa kweli wa hoteli tuliyokodi kupigia picha wakaanza kumfukuza.

Nawaambia vijana, nguo ikikubali, mwigizaji hahitaji kusukumwa.

Miaka miwili mchezo ulikwenda vizuri, na hapo ndipo shida ya Petro ilipoanza, kwa sababu Okombo alimla. Alikuwa akisimama kanisani kusoma, watu wanacheka kabla hajafungua kinywa. Zahanati walimwita Okombo, na alipoeleza anaumwa wapi wakamwuliza ni bia ngapi. Darasani watoto wa darasa la pili walimwambia, "Mwalimu Okombo, yumba kidogo." Siku ya posa ya binti yake, wazee wa upande wa mvulana walikataa kugusa chai mpaka awaonyeshe anavyokimbia fagio. Petro hakuwa mtu wa kukataa. Aliinuka mbele ya wakwe zake, katika nyumba yake mwenyewe, akayumba, akakimbia fagio ambalo halikuwepo. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Aliponisimulia alikuwa anaangalia viatu.

"Mama Zena," aliniambia, "juzi mama yangu mwenyewe ameniita Okombo. Alikosea tu, lakini niliitika."

Wakati huo huo Bwana Awiti alirudi kutoka Nairobi na wazo. Alitukusanya sote jikoni, akachora duara tatu kwa mkaa ukutani. Kituo kilitaka vipindi zaidi, akasema, na yeye hakutaka kuanza mchezo mpya ambao watu hawaujui. Angechukua huu uzae. Kaka yake Nyar Seme angekuwa na mchezo wake Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa, kila Alhamisi. Dada yake angekuwa na wake Awasi, kati ya wafanyabiashara wa barabarani, kila Jumamosi. Na Okombo angetembea kote.

"Ulimwengu mmoja!" akasema. "Anayetoka hapa Jumanne anatokea kule Alhamisi. Mtazamaji akikosa mmoja, amekosa yote. Kwa hiyo hatakosa!"

"Ulimwengu mmoja ni wa Mungu," nikamwambia, "na hata huo una malalamiko."

Wakacheka. Mimi sikuwa nachekesha. Nilikuwa nahesabu nguo.

Kuna jambo hakuna aliyelifikiria isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyelishika mkononi. Koti ni moja. Likipasuka Muhoroni Alhamisi, lazima Jumanne inayofuata liwe limepasuka Kisumu. Lakini hatukupiga picha kwa mpangilio wa kuonyeshwa. Tulipiga Muhoroni wiki nzima wakati wa kukata miwa, tukarudi Kisumu, tukaenda Awasi, kanda zikapandishwa basi la Nairobi, na kule walionyesha iliyowafikia. Waandishi walikuwa watatu, kila mmoja na mchezo wake, na hawakuwa wakisalimiana. Wa Muhoroni alimvunja Okombo mkono. Wa Kisumu, siku tano baadaye, alimbebesha kreti la soda. Wa Awasi alimpa kaka pacha, wakati Hoteli ilikuwa imesema zamani kwamba mama yake alizaa mmoja tu akachoka.

Sikuwa na kalamu ya maana. Nilichukua shuka la zamani, nikashona juu yake vipande vya kila nguo kwa mstari, mstari mmoja kila mchezo, na kila jambo lililompata mtu nikaliwekea alama kwa uzi. Uzi mwekundu ameumia. Mweusi ana matanga. Bluu amesafiri. Baada ya miezi waandishi wenyewe wakawa wanakuja kusimama mbele ya shuka langu, wamevaa miwani.

"Mama, Okombo ameshajuana na nyapara wa Muhoroni?"

"Ameshagombana naye. Tazama, ana kiraka cha shingo."

"Kwa nini waligombana?"

"Hilo uliliandika wewe."

Hata matope yalinitesa. Ya Muhoroni ni meusi, yanashika kiatu kama deni. Siku moja Okombo alionekana Kisumu na matope ya Muhoroni kabla hajaenda Muhoroni, na watu wa miwa, ambao wanayajua matope yao, waliandika barua kituoni.

Lakini kosa kubwa halikuwa kwenye nguo. Nililiona Awasi. Tulikuwa tumemaliza kupiga picha, tukaingia baa moja kuangalia kipindi cha Jumamosi pamoja na watu. Televisheni ilikuwa moja, ya betri ya gari, na betri hiyo ilichajiwa kwenye mashine ya kusaga mara moja kwa wiki. Ilikuwa na nguvu ya jioni moja. Watu wa pale walichagua Jumamosi kwa sababu ndiyo habari yao. Okombo akatokea kwenye kioo, mkono ukiwa na bandeji. Rosa na mimi tulisubiri kicheko.

"Huyu mlevi ni nani?" mama mmoja akauliza.

"Ni shemeji ya yule," mwenye baa akajibu.

"Nani amemuumiza?"

"Hiyo ilikuwa Alhamisi."

"Alhamisi betri ilikuwa imelala."

"Basi na wewe lala."

Wakaanza kuzungumza habari zao. Nilimtazama Bwana Awiti. Alikuwa anakunywa soda kama dawa. Sufuria ya watu sita alikuwa ameiongeza maji wale ishirini. Kila mtu alionja, hakuna aliyeshiba, na waliokuwa wakishiba zamani sasa walikuwa wanalalamika.

Petro alikuwa anazunguka michezo yote mitatu. Wiki hii darasani Kisian, wiki ijayo Muhoroni, inayofuata Awasi, na kila anapoteremka kuna mtu anayeita Okombo. Sasa hata wale wasiojua habari zake walimwita hivyo. Mwishowe alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimfuata Bwana Awiti akamwambia, kwa upole kama anaomba chumvi, "Naomba umuue Okombo. Nataka kuwa Petro."

Bwana Awiti alifikiri sana, halafu macho yakang'aa. Kifo! Mazishi yangewaunganisha watu wa Kisumu, Muhoroni na Awasi kwenye kaburi moja. Akakubali hapo hapo. Yeye alikubali kwa sababu yake na Petro aliomba kwa yake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Tulipiga picha za mazishi katika boma la Petro, Kisian, kwa kuwa lilikuwa na nafasi. Vijana walichimba kaburi la kweli pembeni mwa shamba la mtama. Walipofika kiunoni, mama yake Petro akatoka jikoni. Tulimwita Min Petro. Alikuwa bibi mfupi, mwenye fimbo ndefu kumpita.

"Hii shimo ni ya nani?"

"Ya Okombo, Mama," Bwana Awiti akasema. "Ni mchezo tu. Jioni tunaifukia."

"Na nini ndani?"

"Sanduku tupu. Hewa."

"Hewa!" Min Petro akageukia wanawake waliokuja kulia. "Mumesikia? Mimi nimezika bwana yangu hapa na watoto wawili, na huyu ananiambia hewa. Shimo ikifunguliwa kwa boma na ikose mtu, inajitafutia. Na ile uso Okombo anatembea nayo ni ya mtoto wangu. Leteni yago."

Yago ni lile tunda refu zito la mti wa mwegea. Wajaluo, mtu wao akizama ziwani asipatikane, huzika yago mahali pake, na hapo amezikwa. Mpiga picha mmoja kutoka Nairobi alicheka.

"Cheka," Min Petro akamwambia. "Meno yako ni mingi."

Mila hiyo si ya dini yangu. Lakini mama yangu alikuwa na kaka aliyezama, na nikiwa mtoto niliona yago lake likishushwa, na wanaume wazima wakilia. Sikucheka. Yago lilipoletwa nilimwomba Petro avue koti. Nililifunika lile tunda kwa koti, nikafunga vifungo vitatu, nikakunja kola kama ninavyomkunjia mtu anayekwenda mahali pa heshima. Nilifanya kazi ile polepole. Nguo ya kuzikwa hairekebishwi, kwa hiyo shona vizuri mara moja. Petro alisimama nyuma yangu na shati tu.

Sanduku likafungwa, kamera zikawashwa, wanawake wakalia. Walianza kwa mchezo na katikati wakawa wanalia kweli, kila mmoja na marehemu wake. Udongo ulipokwisha, Min Petro alipiga fimbo chini.

"Okombo amelala. Atakayeita mtoto wangu Okombo tena hapa, nitamjibu na hii."

Petro alinisindikiza mpaka barabarani. "Mama Zena," akasema, "nasikia mwili mwepesi." Kijana mmoja wa baiskeli alipita akaita, "Mwalimu!" Petro akaitika haraka, kama mtu aliyeogopa jina lisije likaondoka.

Jumanne, Okombo alizikwa mbele ya nchi nzima. Alhamisi, Okombo alikuwa Muhoroni, anakula muwa na kuimba.

Kanda za Muhoroni zilikuwa za wakati wa kukata miwa, zimekaa Nairobi zikisubiri zamu yake. Zilikuwa sita. Wiki sita maiti alilewa kila Alhamisi. Na Jumamosi Nyar Seme, mjane mwenye matanga, alicheza ngoma harusini Awasi na gauni la manjano nililomshonea mimi mwenyewe, Mungu anisamehe. Siku ya kwanza baada ya harusi ile Rosa alikwenda sokoni kununua samaki. Mama muuzaji akalifunika beseni.

"Sina."

"Mama, nawaona, wanachezesha mkia."

"Hawa ni wa watu wanaolia mabwana zao. Nenda Awasi ukacheze."

Rosa alirudi kwangu analia kwa sauti yake ile, mtaa mzima ukajua.

Wiki hiyo nilikwenda Kisian kumpelekea Petro suruali ya kanisani. Nilimkuta mzee mmoja uani, mgeni, vumbi mpaka nyusi. Alikuwa ametoka Muhoroni, akadandia lori la miwa, akadandia trekta, akamalizia kwa miguu, kwa sababu walikuwa wamegawanyika kijijini kwao kama Okombo yu hai au amekufa, na yeye ndiye aliyetumwa kuangalia kaburi. Min Petro alimwonyesha. Mzee akavua kofia. Hapo hapo Petro akatokea na ndoo ya maji.

Mzee alirudi nyuma hatua mbili. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Petro, baba."

"Na huyu aliye chini?"

"Okombo."

"Na yule aliye kwetu Muhoroni, anayeimba?"

Petro aliweka ndoo chini. "Huyo muulize Bwana Awiti."

"Mimi nauliza wewe," mzee akasema kwa huzuni kabisa. "Nilichinja kuku siku ile mlimzika. Nilikaa na watoto tukalia. Sasa mimi nililia nani?"

Min Petro alimletea uji. Alikunywa, akalala kwa jirani, asubuhi akarudi kwao.

Barua zilipojaa kituoni, Bwana Awiti alituita kwenye ukumbi wa kijamii, wote thelathini, adhuhuri ya jua kali. Kituo kilikuwa kimempa mwezi mmoja wa kurekebisha mambo. Watu hawakuelewa tena nani yuko wapi, na bila Okombo michezo mitatu haikuwa na kamba ya kuifunga. Lakini alikuwa amepata njia.

"Tulizika nini Kisian?" akauliza. "Yago! Na yago huzikwa kama mtu hajapatikana. Kwa hiyo Okombo hakufa! Tunachimba kaburi jingine, tunafungua sanduku mbele ya kamera, watu wanaona yago limevaa koti. Halafu Okombo anaingia mlangoni, na koti lake. Kila kitu kinaungana!"

Ukumbi ulipiga makofi. Nakubali, ilikuwa akili. Watu walikuwa na watoto shuleni, na mimi binti yangu Zena alikuwa karibu kunizalia mjukuu wa kwanza, na mumewe hakuwa na kazi.

"Petro?" Bwana Awiti akaita.

Petro alikuwa dirishani, mikono juu ya magoti. "Kama kikundi kinaona ni vyema," akasema. Ilikuwa sauti ile aliyonisimulia nayo habari ya wakwe.

"Mama Zena, tutahitaji makoti mawili mapya. Yenye viraka vile vile. Wewe ndiye unayevijua."

"Mtu niliyemvisha nguo ya kuzikwa, simshonei nyingine."

Walidhani ni utani. Rosa alinishika mkono. "Mama, shona tu. Ni kitambaa."

"Najua ni kitambaa. Nimekishika miaka yote hii."

"Ni mchezo, Mama!" Bwana Awiti akapaza sauti. "Okombo si mtu!"

"Basi mwache afe kama asiye mtu. Petro ni mtu. Ulimpa ruhusa ya kuwa Petro, ukaitia muhuri kwa udongo, watu wakalia. Sasa unataka kumvua jina kwa sababu kanda zako zimechanganyika. Tafuta fundi mwingine."

"Hakuna fundi mwingine anayelijua lile koti!"

"Hilo nalo ni kweli," nikasema.

Ndipo Petro alipoinuka. Hakusema kwamba amekataa. Sidhani alijua neno hilo linaanzia wapi. Alisema, "Basi mimi naenda Kisian, nina vitabu vya kusahihisha," akachukua kofia, akatoka. Bwana Awiti alibaki na mkono juu.

Muhoroni ilifungwa kwanza, halafu Awasi. Hoteli ya Nyar Seme ilivutavuta miezi michache, mjane peke yake na samaki, ikazimika. Wapo ambao hawakunisalimia miaka mingi. Rosa alikuwa mmoja wao, na sikumlaumu. Nilirudi kwenye veranda kushona sare za shule, mjukuu akazaliwa, akaitwa jina langu, na leo ana kichwa cha hesabu ambacho hakukitoa kwangu. Baadaye vikundi vingine viliniita, nikavisha wagonjwa, machifu, mabibi harusi na majambazi. Kila kikundi nilikiuliza jambo moja kabla ya kukata kitambaa: huyu mtu anaishia wapi? Wengi hawakujua. Walikuwa wamepanga aanzie wapi tu.

Min Petro alipofariki nilikwenda Kisian. Watu walikuwa wengi, na kila aliyeshika kipaza sauti alisema Mwalimu Petro, Mwalimu Petro. Vijana waliozaliwa baada ya mchezo hawakujua jina jingine. Alikuwa na mvi, amenyooka, amepiga pasi.

Mwezi uliopita Bwana Awiti alinitembelea Kaloleni. Amenenepa, magoti yanamsumbua. Wajukuu walimletea chai na chapati, alikula tatu, nikafurahi. Aliniambia vituo vipya vimefunguliwa vinatafuta michezo ambayo watu wazima wanaikumbuka. Angeianzisha Hoteli tena, na Muhoroni, na Awasi, safari hii kwa mpangilio, na kompyuta ya kukumbuka kila kitu. Okombo angerudi.

"Petro amekubali," akasema.

"Petro hajawahi kukataa kitu tangu tumboni."

"Atapendeza zaidi sasa, na mvi."

"Atapendeza. Na Jumapili ataitwa nani?"

Bwana Awiti alifungua mfuko akaweka kitambaa mezani, kaki, mita tatu. Nilikipapasa kwa vidole, maana macho siku hizi yananidanganya. Kilikuwa kizuri, uzi mzito, cha kudumu. Aliniambia mjukuu anaweza kunitungia uzi, mimi nielekeze tu viraka vinakaa wapi. Ningeweza kusingizia macho na tukaachana kwa amani. Nilikunja kitambaa chake mara nne, nikakirudisha mfukoni mwake, nikamwambia, "Mtu niliyemvisha nguo ya kuzikwa, simshonei nyingine."